Kubadili bati la gari si kosa, kosa ni kuficha mwaka wake

UVIRA, Kivu ya Kusini. Wiki hizi simu yangu imejaa picha za gari ambayo haijawahi kukanyaga barabara ya Uvira na pengine haitaikanyaga kamwe. Ni gari ndogo ya michezo, ya milango miwili, yenye pua ndefu, iliyotengenezwa Japani na kuuzwa Marekani miaka ya 1970. Jina lake ni Datsun Z. Nawaandikia juu yake kwa sababu ilitaka kula akiba ya familia yetu, na pia kwa sababu imenifundisha jambo ambalo mafundi na wanunuzi wa hapa kwetu tunapaswa kulisema wazi.

Nianze na habari yenyewe. Mdogo wangu, mtoto wa mama mdogo, alikimbilia Tanzania akiwa mtoto, akakulia kambi ya Nyarugusu, kisha akapelekwa Marekani pamoja na familia nyingi za Uvira na Fizi. Kabla ya kuondoka alirudi hapa kwa miezi kadhaa, akakaa na mjomba wetu ambaye ni tolie, yaani fundi wa mabati ya gari, kule Mulongwe. Mjomba alimfundisha kupiga bati, kuchomea na kupaka mastiki. Leo kijana huyo anafanya kazi hiyo hiyo Marekani, na siku za mapumziko hununua gari ya zamani iliyochoka, huitengeneza, kisha huiuza. Faida ya gari iliyopita ndiyo iliyoezeka nyumba ya mama yake, ile iliyobomolewa na mafuriko ya Aprili 2020.

Safari hii alitangaziwa Datsun 240Z ya mwaka 1972. Muuzaji alikuwa komisioneri, si mwenye gari. Bei ilikuwa dola 19,000. Nusu ilikuwa ya kwake, na nusu ilitoka kwenye likelemba ya Wakongomani wenzake wa mji ule. Kabla ya kulipa alimtumia mjomba picha, kama mwanafunzi anayemheshimu mwalimu wake. Mjomba hakuwahi kuiona Datsun Z kwa macho, ila bati analijua. Aliitazama picha ya mbele, akakuza kidogo kwa vidole, akasema: "Mtoto wangu, pua hii si ya mwili huu. Hapa chini ya taa kuna mkono wa mtu."

Mjomba alikuwa na haki. Ili tuelewe alichokiona, inafaa kwanza nieleze gari hii ilivyobadilika mwaka baada ya mwaka.

Datsun Z ya kwanza ilionyeshwa Japani mwishoni mwa 1969. Kule nyumbani iliitwa Fairlady Z, na nje ya Japani ikaitwa 240Z kwa sababu ya injini yake ya lita 2.4. Mwaka 1974 ikaja 260Z ya lita 2.6. Kuanzia 1975 mpaka 1978 soko la Marekani lilipata 280Z ya lita 2.8, ambayo haikutumia kabureta tena bali mfumo wa kupuliza petroli ndani ya injini. Zote tatu ni ukoo mmoja. Ukizitazama kutoka ng'ambo ya barabara utadhani ni gari moja. Hapo ndipo kishawishi cha kuchanganya mabati kinapoanzia.

Lakini si sawa. Tofauti kubwa iko kwenye parshoki, kile chuma cha mbele na cha nyuma kinachopokea pigo la kwanza. Parshoki ya 240Z ni nyembamba, ya kung'aa, imelala karibu na mwili kama pete kidoleni. Kuanzia magari ya mwaka 1973, sheria ya Marekani ilidai parshoki ya mbele iweze kupokea pigo la maili 5 kwa saa, yaani kama kilomita 8, bila taa na vyombo vingine vya usalama kuharibika. Mwaka uliofuata sharti hilo likafika na nyuma. Matokeo yake, 260Z za mwisho na 280Z zote zilipewa parshoki nene zilizosimama mbali na mwili, zikishikiliwa na vyuma vya kufyonza pigo.

Watu wengi waliona zinaharibu sura ya gari. Ndiyo maana hadi leo mwenye 280Z akipata pesa kidogo hutafuta parshoki nyembamba za 240Z. Ila si kazi ya kufungua bolti mbili na kufunga nyingine. Kwenye 240Z taa ndogo za kona za mbele ziko chini ya parshoki, ndani ya bati la kidevu. Kwenye 280Z taa hizo zimepandishwa juu ya parshoki, kwenye mdomo wa gari. Kwa hiyo anayetaka sura ya zamani lazima abadili na bati la kidevu, aondoe vyuma vya kufyonza pigo, kisha azibe matundu yanayobaki. Nyuma nako ni hivyo hivyo. Taa za kurudi nyuma za 240Z zimo ndani ya taa kubwa za nyuma, wakati 260Z na 280Z zina taa za kurudi nyuma zilizotengwa peke yake.

Kuna sehemu nyingine zinazokubali kwa urahisi. Kapo, kile kifuniko cha injini, ya 280Z za 1977 na 1978 ina matundu ya kutolea joto, na wenye magari ya miaka ya kwanza huipenda na kuifunga kwenye gari zao. Mlango wa nyuma wa 240Z za mwanzo kabisa una vichungi viwili vya hewa chini ya kioo. Mwaka 1971 vichungi hivyo vilihamishiwa kwenye nguzo za pembeni, chini ya alama ya mviringo yenye herufi Z. Leo mlango ule wa kwanza unatafutwa sana. Na kuna sehemu zisizokubali hata ukizilazimisha. Z ya viti vinne iliyotoka 1974 ina shasi ndefu kuliko ya viti viwili kwa sentimita 30. Paa lake, milango yake na vioo vyake vya pembeni haviwezi kuhamia kwa ndugu yake mfupi.

Sasa turudi kwa mdogo wangu. Baada ya neno la mjomba, alimwomba komisioneri picha ya nyuma. Taa za kurudi nyuma zilikuwa zimetengwa peke yake. Akauliza juu ya injini, kwa sababu ilikuwa ya lita 2.8. Akajibiwa kwamba iliwekwa baadaye ili gari iwe na nguvu zaidi. Jibu hilo lilikuwa na akili, maana wenye 240Z wengi hufanya hivyo kweli. Akauliza juu ya kile kibati cha nguzo ya mlango kinachoonyesha mwezi na mwaka ambao gari ilitoka kiwandani. Akaambiwa kilitolewa wakati wa kupaka rangi na kimepotea. Akaomba kuona karatasi za gari. Akaambiwa ziko kwa mwenyewe, ataziona siku ya malipo.

Mjomba akamwambia neno moja tu: "Nenda mwenyewe, fungua kapo, usome namba ya shasi."

Kwenye Datsun Z namba hiyo imegongwa kwenye ukuta wa chuma unaotenga injini na chumba cha abiria. Haikubandikwa, imegongwa ndani ya chuma. Gari zilizouzwa Marekani za 240Z zinaanza na herufi HLS30. Mtu asiyejua angefurahi kuona herufi hizo. Lakini 280Z nazo zinaanza na HLS30 hiyo hiyo. Ni 260Z za Marekani tu zilizopewa RLS30. Kwa hiyo herufi peke yake hazitoshi, lazima usome tarakimu zinazofuata. Kijana alizisoma, akazilinganisha na orodha za miaka, na ukweli ukatoka: ilikuwa 280Z ya 1976 iliyovalishwa uso wa 240Z.

Tofauti hiyo ni kubwa kuliko inavyosikika. Mwaka 1970 gari mpya ya 240Z ilikuwa inauzwa Marekani kwa dola 3,526. Januari 2020, moja ya 1971 iliyotunzwa vizuri sana ilipigwa mnada kwa dola 310,000. Hiyo ni ya pekee, siyo bei ya kila siku, lakini inaonyesha ni kwa nini watu wanataka gari yao iitwe 240Z. Kwa kawaida 280Z iliyo katika hali ileile hununuliwa kwa bei ndogo zaidi. Mtu akibadili mabati na alama mbili tatu, na mnunuzi asiangalie namba, pesa ya watu inaondoka hivyo. Kwetu sisi ingekuwa pesa ya likelemba, yaani pesa ya watu 12 wanaoamka usiku kwenda kwenye viwanda vya nyama na maghala.

Hapa ndipo baadhi ya watu watasema: basi kuchanganya mabati ya miaka tofauti ni wizi, gari ya zamani iachwe kama ilivyotoka kiwandani. Mimi sikubaliani nao, na hiyo ndiyo sababu ya maoni haya.

Kwanza, gari ya zamani isiyopata kipuri hufa. Datsun Z zinajulikana kwa kuliwa na kutu. Sakafu huoza, bati la chini ya milango huoza, sehemu ya betri huoza. Mwenye 240Z ambayo bawa lake la mbele limeoza, akipata bawa zuri kutoka 280Z iliyogongwa nyuma, kwa nini asilitumie? Kumwambia asubiri la mwaka wake ni kuihukumu gari kifo. Anayejua kazi hutazama matundu ya bolti, husahihisha panapohitajika, na gari hurudi barabarani.

Pili, hata gari zilizojenga jina la Datsun katika eneo letu la Afrika hazikuishi kama mayai ndani ya pamba. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki wakiendesha 240Z. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, alishinda kwa 240Z pia, na baadaye akashinda mara nne mfululizo kuanzia 1979 mpaka 1982 kwa Datsun za aina nyingine. Gari iliyoshinda 1971 imehifadhiwa na Nissan huko Japani, na ukitazama picha zake utaona mabati yamebonyea kwa mawe na matope ya barabara zetu. Hakuna anayesema thamani yake imepungua kwa sababu bati si laini. Thamani yake ni kwamba kila alama ya mwili wake inasema ukweli.

Tatu, hata kiwanda chenyewe kilitengeneza sura tofauti juu ya mwili mmoja. Kwa soko la Japani kilitoa 240ZG, yenye pua ndefu zaidi na mabati ya ziada juu ya magurudumu, yaliyofungwa kwa misumari inayoonekana. Leo kuna Z nyingi zilizovalishwa pua hiyo na wenye gari wenyewe. Zikiuzwa kama Z za kawaida zenye pua ya ZG, hakuna aliyedhulumiwa. Zikiuzwa kama ZG za kweli, huo ni udanganyifu. Bati ni lile lile. Kilichobadilika ni maneno ya muuzaji.

Kwa hiyo mimi sigombani na bati. Nilimuuliza mjomba yeye anaweka mpaka wapi, kwa kuwa katika maisha yake amebadili mabati ya gari nyingi kuliko nywele zake zilizobaki. Alinijibu kwa namna ambayo naona inafaa kuwa sheria ya kila garaji, iwe ya Datsun kule Marekani au ya Toyota hapa Kalundu.

Mpaka wa kwanza ni bolti. Kinachofungwa kwa bolti kinaweza kurudi. Kapo, bawa, parshoki, mlango wa nyuma, taa. Mwenye gari akitaka sura ya mwaka mwingine, afunge, afurahi, mradi kipande cha kwanza kihifadhiwe. Kipande kilichotolewa kisiuzwe siku hiyo hiyo kama chuma chakavu. Kikae juu ya dari, kwa sababu anayekuja kesho anaweza kukihitaji.

Mpaka wa pili ni msumeno. Unapokata chuma cha gari ili cha mwaka mwingine kiingie, hapo hutarudi nyuma. Kukata si dhambi, lakini lazima iwe kwa sababu: kutu, ajali, au kipuri hakipatikani popote duniani. Kumkata ngozi mtu mzima kwa sababu ya urembo peke yake, mjomba anasema, ni jambo ambalo daktari mwenye akili hufikiri mara mbili. Zaidi sana kama gari iliyo mbele yako bado ina mwili wake wa kwanza bila kuguswa, maana gari kama hizo hazizaliwi tena.

Hapa nataka kuongeza kitu juu ya usalama. Parshoki nene za miaka ile zilikusudiwa hasa kulinda taa na vyombo kwenye pigo la mwendo mdogo, kwa hiyo anayezitoa anapoteza kinga ya namna hiyo na ni vizuri ajue. Lakini milango ni habari nyingine. Milango ya Z za miaka ya mwisho ni mizito kwa sababu ndani yake kuna chuma cha kukinga ubavu wa abiria. Kuna wanaoitoa na kuweka milango myepesi ya miaka ya mwanzo ili gari ikimbie zaidi. Huyo hajabadili sura tu. Amebadili kilicho kati ya mbavu za mtu na gari inayokuja kutoka pembeni. Jambo kama hilo halifai kufanywa bila mwenye gari kuelezwa, na halifai kabisa kufichwa kwa mnunuzi.

Mpaka wa tatu ni namba ya shasi. Hapo mkono haufiki. Ukuta ule wenye namba haukatwi kutoka gari moja na kuchomewa kwenye nyingine. Vibati vya namba havihamishwi. Marekani, kung'oa au kubadili namba ya gari kwa nia ya kudanganya ni kosa la jinai la serikali kuu, na mtu anaweza kufungwa. Hata bila sheria, fikiri tu: mabati yote yanaweza kubadilika, injini inaweza kubadilika, viti vinaweza kubadilika. Kama na namba inabadilika, kitu gani kinabaki cha kusema gari hii ni ipi?

Juu ya mipaka hiyo mitatu mjomba huongeza daftari. Kila alichokitoa, kila alichokiweka, tarehe, na kimetoka gari ya mwaka gani. Mafuriko yale yale ya 2020 yalibeba mashine yake ya kuchomea, nyundo na madaftari yake yote. Mashine aliipata nyingine kwa mkopo. Kuhusu madaftari alisema mbele yetu kwamba ndiyo hasara iliyomuuma zaidi, kwa sababu kuna gari hapa mjini ambazo sasa hata yeye hawezi kuapa nini ni cha kwanza na nini ni cha baadaye.

Wakati tunazungumza hivyo sikujua kwamba daftari ndilo litakalomaliza habari ya mdogo wangu.

Baada ya kusoma namba, hakumtukana komisioneri. Alimwambia kwamba bila kumwona mwenye gari hatalipa hata dola moja. Baada ya siku nne akapewa namba ya simu. Mwenye gari alikuwa mama mzee, mjane. Mumewe ndiye aliyeitengeneza. Mdogo wangu alimsalimu kwa heshima kama tunavyowasalimu mama zetu, akamuuliza polepole: mama, gari hii ni ya mwaka gani? Yule mama akajibu bila kusita: ya 1976. Mume wangu hakupenda zile parshoki nene, kwa hiyo aliweka za zamani.

Akamkaribisha nyumbani. Kwenye garaji kulikuwa na sanduku la mbao. Ndani yake parshoki mbili nene zimefungwa kwa blanketi, vyuma vya kufyonza pigo, taa za kona za kwanza, na alama ya chuma iliyoandikwa 280Z. Juu ya sanduku kulikuwa na daftari la yule mzee, kurasa kadhaa, na tarehe za kila kazi: siku aliyonunua bati la kidevu, gari lilikotoka, siku aliyoziba matundu. Karatasi za gari zilikuwa humo humo, na mwaka ulioandikwa ni 1976. Hata kile kibati cha nguzo ya mlango kilipatikana, ndani ya bahasha.

Tafadhali mniangalie hapo, wasomaji. Yule mzee alibadili mabati ya mwaka mmoja kwa ya mwaka mwingine. Alichomea, alipaka rangi, alifanya vyote ambavyo walinzi wa usafi wa magari wanavichukia. Lakini hakumdanganya mtu. Alifanya kazi yake na akaacha ukweli kando yake, ndani ya sanduku. Aliyedanganya ni mtu ambaye hakushika hata nyundo. Yeye alibandika alama ya 240Z, akaficha bahasha, akaongeza bei, na yule mama hakujua gari ya mumewe inatangazwa kwa jina gani.

Mdogo wangu aliinunua. Alimlipa mama mwenyewe, bei ambayo walikubaliana kama ya 280Z ya 1976 yenye kutu kiasi, na likelemba haikutikisika. Swali lililobaki lilikuwa kama arudishe parshoki nene. Tuligawanyika kwenye kundi la WhatsApp la familia. Shangazi wa Bujumbura alisema arudishe, kwa sababu kitu ni kile kilichozaliwa. Kaka yangu alisema aache, kwa sababu zile nyembamba zinapendeza na mnunuzi atalipa vizuri. Mjomba alikaa kimya siku nzima, kisha akatuma sauti fupi: "Ziache. Mzee alizipenda hivyo. Ila rudisha alama ya 280Z, na sanduku liende na gari."

Ndivyo ilivyofanyika. Picha ya mwisho niliyopokea inaonyesha gari ya rangi ya chungwa, uso wake wa 240Z, na pembeni maandishi ya chuma 280Z. Mtu anayejua magari hayo ataiona na kucheka, kisha ataelewa yote kwa mara moja. Gari yenyewe inajieleza kabla muuzaji hajafungua mdomo.

Sasa hapa kwetu. Uvira hatuna Datsun Z za kununua kwa mamilioni, lakini mchezo wa kubadili uso tunao. Kuna Land Cruiser za miaka ya nyuma zinazovalishwa kapo, taa na parshoki za miaka ya mbele, zikiletwa tayari au zikitengenezwa hapa hapa. Kuna pikipiki zinazobadilishwa tangi na plastiki, kisha zinauzwa Kimanga kama za mwaka jana. Mnunuzi anatoa pesa ya ng'ombe wa baba yake, na baada ya miezi miwili fundi anamwambia shasi hii ni ya zamani kuliko wewe unavyofikiri. Hapo anaanza kugombana na fundi, wakati mkosaji alikwisha kuvuka mpaka wa Kavimvira.

Siwaombi matolie wetu waache kazi. Wana mikono ya dhahabu, na nchi ambayo vipuri vyake vinatoka mbali inawahitaji kila siku. Nawaomba mambo yasiyogharimu hata franka 500: daftari la kila gari, na kipande kilichotolewa kirudishwe kwa mwenye gari, si kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Na mtu akija akisema, "fundi, uifanye ionekane ya mwaka fulani, halafu ufute hii namba," nawaomba mwambieni kazi ya kwanza tunaiweza, ya pili hatuifanyi.

Na wewe unayenunua, usianze na rangi. Anza kwa kufungua kapo. Soma namba, linganisha na karatasi, uliza kila bati limetoka wapi. Muuzaji mwaminifu hatakasirika. Mara nyingi atafurahi, kwa sababu mtu aliyefanya kazi kwa uangalifu huwa na hamu ya kuieleza. Akikasirika, shukuru Mungu, umeokoa pesa yako.

Mdogo wangu anasema gari ile ataiuza kabla ya baridi kuanza, na tangazo lake amekwisha kuliandika. Maneno ya kwanza ni haya: 280Z ya 1976, uso wa 240Z, daftari lipo. Mama mdogo naye anasubiri kuweka madirisha.

Hayo ni maoni yangu, mwandishi wenu kutoka Uvira. Mwenye la kuongeza au la kupinga, alilete, tutalisoma.